Mizani ya Vyuo Vikuu Nchini Kenya

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakishatangazwa nchini Kenya, mjadala mmoja hurudi katika magazeti, katika mabasi na katika vikao vya wazazi: chuo kikuu kipi ni bora kuliko kingine, na je, mtoto apelekwe chuo cha serikali au cha binafsi? Zamani mjadala huo uliendeshwa kwa sifa za mdomo. Siku hizi unaendeshwa kwa orodha. Ipo orodha iliyoanzishwa na taasisi ya utafiti ya Hispania, zipo mbili za Uingereza, na ipo nyingine ya Shanghai, nchini China. Kila moja hupanga vyuo vikuu vya dunia kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, kama timu za mpira zinavyopangwa katika msimamo wa ligi. Mara nyingi Chuo Kikuu cha Nairobi hutokea juu ya vyuo vingine vya Kenya, na hapo taarifa ya furaha hutolewa. Chuo kilichoshuka hukaa kimya, au husema kwamba orodha hiyo haina maana.

Jambo hili la majirani lina mizizi inayogusa Afrika ya Mashariki nzima. Tangu mwaka 1963 hadi 1970 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa matawi ya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Wakati huo hapakuwa na haja ya kuuliza kipi kilikuwa cha kwanza. Aliyetaka udaktari wa binadamu alikwenda Makerere, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, na aliyetaka uhandisi au udaktari wa mifugo alikwenda Nairobi. Wahandisi wengi wa Tanzania walipata elimu yao huko, kabla Dar es Salaam haijafungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973. Kazi zilikuwa zimegawanywa, na kila chuo kilijua kilichotarajiwa kwake. Ushindani ulikuja baadaye, pamoja na bendera tatu, bajeti tatu na wizara tatu za elimu.

Kabla ya kuuliza nani anaongoza, inafaa kuuliza mizani yenyewe inapima nini. Orodha ya Shanghai, iliyoanza kutolewa mwaka 2003, hutoa sehemu tatu kwa kumi ya alama zake kwa tuzo ya Nobel na nishani ya Fields ya hisabati zilizopatikana na walimu wa chuo na wahitimu wake. Alama nyingine hutokana na makala katika majarida ya sayansi, yakiwamo mawili yanayohesabiwa peke yake, Nature na Science. Orodha ya QS ya London kwa miaka mingi ilitoa alama 40 kwa mia kwa maoni ya wanazuoni wanaoulizwa ni vyuo gani wanavyoviheshimu; kiasi hicho kikapunguzwa baadaye kuwa 30. Orodha ya Hispania, inayoitwa Webometrics, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa sababu huorodhesha hata vyuo vidogo kabisa, nusu ya alama zake imekuwa ikizitoa kwa kuangalia ni tovuti ngapi za nje zinazoelekeza wasomaji kwenye tovuti ya chuo.

Mzazi wa Machakos anayeiona orodha hiyo gazetini hudhani ameambiwa mahali ambapo mtoto wake atafundishwa vizuri zaidi. Hakuambiwa hivyo. Ameambiwa, kwa sehemu kubwa, jinsi chuo kinavyoonekana katika intaneti. Ufundishaji wenyewe ni jambo gumu kupima: je, mwalimu alifika darasani, alisahihisha mitihani kwa wakati, maabara ilikuwa na kemikali, na wanafunzi walikuwa 60 au 600 mbele ya kipaza sauti kimoja? Watunga orodha hawawezi kukaa katika kumbi hizo, kwa hiyo hupima kile kinachoweza kuhesabiwa wakiwa mbali. Baadhi yao husema hivyo wazi katika maelezo yao, lakini maelezo hayo hayachapishwi gazetini. Inachapishwa namba tu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mizani hiyo ilivyo mizito upande mmoja. Hayati Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akafundisha anatomia ya mifugo chuoni hapo, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hata hivyo, katika kuwapima walimu wa chuo, orodha ya Shanghai huhesabu tuzo za fizikia, kemia, tiba na uchumi pamoja na nishani ya Fields, na tena mwalimu awe chuoni wakati anapopewa tuzo. Tuzo ya Amani haimo. Kazi ya mama huyo, iliyobadilisha mawazo ya dunia juu ya miti, udongo na haki za wananchi, kwenye mstari huo wa hesabu ni sifuri.

Hali ni hiyo hiyo kwa lugha. Majarida yanayotumiwa kuhesabu utafiti ni ya Kiingereza kwa wingi mkubwa. Mtaalamu wa Nairobi au wa Maseno anayeandika uchunguzi wa miaka kumi juu ya sarufi au fasihi, kwa Kiswahili safi, katika jarida linalosomwa na walimu wa shule za Afrika ya Mashariki, hakiongezei chuo chake chochote katika orodha hizo. Vivyo hivyo Egerton, ulioanza mwaka 1939 huko Njoro kama shule ya kilimo ya walowezi, na ambao kazi yake kubwa imekuwa mbegu, mifugo na udongo. Mkulima wa Nakuru aliyepata mbegu inayostahimili ukame hatoi rejea katika jarida. Anavuna tu.

Zaidi ya hayo, baadhi ya takwimu zinazotumiwa hutolewa na vyuo vyenyewe. Mwaka 2022 huko Marekani, profesa mmoja wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia alizichunguza takwimu ambazo chuo chake kilikuwa kimezipeleka kwa watunga orodha ya nchi hiyo, akaonyesha kwamba baadhi hazikuwa sahihi. Columbia, iliyokuwa imepandishwa hadi nafasi ya pili, ikashuka hadi ya kumi na nane. Majengo yalikuwa yale yale, na walimu na wanafunzi pia. Kama chuo tajiri namna hiyo kilishawishika kuipamba hesabu yake, si vigumu kufahamu jinsi chuo kichanga kinachotafuta wanafunzi kinavyoweza kushawishika.

Basi turufu ya namba ikiwekwa kando, linabaki swali la serikali na binafsi, na hapa historia ya Kenya ina mengi ya kufundisha.

Kwa miaka kumi na minne Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa peke yake. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 kilifungwa kwa zaidi ya mwaka, na vijana waliokuwa wakisubiri nafasi wakarundikana. Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa Eldoret mwaka 1984, kufuatia mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Profesa Colin Mackay wa Kanada mwaka 1981. Kenyatta kikafuata mwaka 1985 na Egerton mwaka 1987. Hata hivyo nafasi hazikutosha. Familia zenye uwezo ziliwapeleka watoto wao India, Uingereza na Marekani, na fedha za kigeni zikawa zinatoka nchini kila muhula. Katika hali hiyo ndipo vyuo vya binafsi vilipopata mlango. Chuo cha Baraton cha Waadventista kilipewa hati ya serikali mwaka 1991, kikifuatwa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika ya Mashariki mwaka 1992, Daystar mwaka 1994, na USIU, kilichokuwa Nairobi tangu 1969 kama tawi la chuo cha Marekani, mwaka 1999. Strathmore, kilichoanza mwaka 1961 kama chuo cha kidato cha tano na sita kilichopokea vijana wa rangi zote wakati shule nyingi zilikuwa bado zimetengwa, kilipata hati yake kamili mwaka 2008.

Ni vema kukumbuka kwamba vyuo hivyo vya mwanzo vilikuwa vingi vya makanisa na vya jumuiya, wala si maduka. Maduka yalikuja baadaye, na mengine yalifunguliwa ndani ya vyuo vya serikali vyenyewe.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia ada kamili, uliojulikana kama masomo ya sambamba. Makerere ilikuwa imetangulia kuwapokea wanafunzi wa namna hiyo mwaka 1992. Mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa ada ya masomo ya shilingi 16,000 za Kenya kwa mwaka, kiwango ambacho kilibaki pale pale kwa miaka mingi huku bei ya kila kitu ikipanda. Mwenzake wa sambamba, akiketi pengine kwenye benchi hilo hilo, alilipa mara nyingi zaidi ya hiyo. Fedha zikamiminika. Majengo yakapanda, matawi yakafunguliwa katika miji midogo, juu ya maduka na kando ya vituo vya mabasi; chuo cha Jomo Kenyatta kilivuka hata mpaka kikafungua kituo Arusha. Wahadhiri walipata kipato cha ziada, na wizara ya fedha ilipata kisingizio cha kutoongeza ruzuku. Kisha, kati ya mwaka 2012 na 2013, serikali ilivipandisha hadhi vyuo vishiriki kwa mkupuo, na idadi ya vyuo vikuu vya umma ikaruka kutoka saba hadi 22. Kila mkoa ulitaka chuo chake, na kila mwanasiasa alitaka kupigwa picha akipokea hati.

Kilichofuata kilikuwa somo kali. Mwaka 2016, chini ya Waziri wa Elimu Fred Matiang'i, serikali iliziba mianya ya wizi wa mitihani. Katika mtihani wa mwaka 2015 watahiniwa 169,492 walikuwa wamepata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo inayomruhusu kijana kuingia chuo kikuu. Mwaka 2016 walikuwa 88,929. Mwaka 2017 walikuwa 70,073. Kwa ghafla, waliofaulu wote waliweza kupewa nafasi na serikali, na hakubaki mtu wa kununua nafasi ya sambamba. Kwa kejeli ya mambo, mwenyekiti wa baraza la mitihani katika kipindi hicho alikuwa hayati Profesa George Magoha, ambaye kati ya mwaka 2005 na 2015 alikuwa Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, enzi ambayo masomo ya sambamba yalikijaza chuo hicho fedha. Kwa mkono mmoja alikuwa ameijenga nyumba, na kwa mkono wa pili, akitimiza wajibu wake kwa haki, aliuondoa msingi wake.

Vyuo vya umma vilibaki na majengo, matawi na wafanyakazi, bila fedha za kuviendesha. Madeni yao, yakiwamo makato ya pensheni na kodi ambayo yalikatwa katika mishahara na hayakupelekwa yalikostahili, yalipanda hadi kupita shilingi bilioni 60 za Kenya. Vyuo vya binafsi navyo viliumia. Serikali ilianza mwaka 2016 kupeleka baadhi ya wanafunzi wake katika vyuo hivyo na kuwalipia, hatua iliyosifiwa wakati huo kuwa ni ya kutumia nafasi zilizo wazi. Lakini malipo yalichelewa, na vyuo vya binafsi vikawa wadai wa hazina kama vile makandarasi wa barabara. Mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto ilileta mfumo mwingine: ruzuku na mkopo vigawanywe kwa kadiri ya uwezo wa familia ya mwanafunzi, na ruzuku hiyo iende kwa wanafunzi wa vyuo vya umma. Wanaochagua vyuo vya binafsi waweze kuomba mkopo, lakini si ruzuku.

Mfumo huo ulikuwa na wazo zuri ndani yake, kwamba mtoto wa kabwela asilipe sawa na mtoto wa mkurugenzi. Tatizo lilikuwa katika kupima nani ni nani. Familia za wakulima wadogo zilijikuta zimewekwa katika kundi la wenye uwezo, na wanafunzi wakapokea hati za ada ambazo hazikulingana hata kidogo na mavuno ya nyumbani kwao. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo ulikuwa kinyume cha katiba, na serikali ikakata rufani. Katika vurugu hiyo, kijana aliyekuwa na alama nzuri hakujua kama chuo cha umma kilikuwa cha bei nafuu au la. Hapo ndipo tofauti ya zamani kati ya umma na binafsi ilipoanza kufifia, kwa maana nguzo yake kubwa ilikuwa ni bei.

Nguzo ya pili, ubora wa walimu, nayo ina ufa ambao watunga orodha hawauoni. Wahadhiri wengi wanaofundisha katika vyuo vya binafsi vya Nairobi ni wale wale walioajiriwa na vyuo vya umma. Asubuhi mtu anafundisha katika chuo cha serikali, na jioni anavuka mji kufundisha kwa malipo ya saa katika chuo cha binafsi. Shahada yake ya uzamivu, iliyogharimiwa na umma, inatumika pande zote mbili. Kwa hiyo anayelinganisha vyuo viwili hivyo kana kwamba ni vitu tofauti kabisa huenda anamlinganisha mtu mmoja aliyechoka na mtu huyo huyo aliyechoka zaidi. Katika chuo cha binafsi, hata hivyo, darasa ni dogo, mahudhurio ya mwalimu hufuatwa, na asiyefika hulipwa pungufu. Hiyo ni faida ya kweli, na vyuo kama Strathmore, kilichojenga jina lake kwa masomo ya uhasibu, vimeitumia vizuri. Lakini chuo cha binafsi hupenda kufundisha biashara, sheria na kompyuta, ambako kinachohitajika ni chumba, vitabu na mashine. Udaktari wa mifugo, jiolojia na uhandisi wa mitambo vimebaki kwa kiasi kikubwa mzigo wa vyuo vya umma, kwa kuwa gharama yake haina mteja wa kuilipa. Kipo kipekee: Chuo Kikuu cha Aga Khan, chenye hospitali yake, hufundisha udaktari na uuguzi, nacho husimama kwa misaada na mapato ambayo vyuo vingine vya binafsi havina.

Vipo vipimo vingine, visivyopendeza kuchapishwa gazetini, ambavyo humwambia mzazi zaidi kuliko orodha ya Hispania au ya Shanghai. Kimoja ni uamuzi wa bodi za taaluma. Wahitimu wa uhandisi wa Egerton walikataliwa usajili na bodi ya wahandisi, wakaenda mahakamani, na kesi yao ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka 2018. Mwaka 2015 Baraza la Elimu ya Sheria liliamuru kitivo cha sheria cha Moi kifungwe kwa kutotimiza masharti. Vyote viwili ni vyuo vya umma vyenye majina makubwa, na wala havikuwa mkiani mwa orodha yoyote. Kijana aliyetumia miaka mitano kusoma uhandisi, kisha akaambiwa kwamba hawezi kuitwa mhandisi, hasaidiwi na habari kwamba chuo chake ni cha nne nchini.

Kipimo kingine ni kalenda. Mwanafunzi anayeingia chuo cha umma kwa shahada ya miaka minne, je, atatoka baada ya miaka minne? Mwaka 2017 na mwaka 2018 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa majuma mengi. Mwaka 2024 masomo yalisimama Moi. Septemba 2025 chama cha wahadhiri kiliitisha mgomo tena katika vyuo vya umma, kikidai shilingi bilioni 7.9 zilizobaki katika mkataba wa mishahara wa miaka ya 2017 hadi 2021. Haya hayakuwa madai mapya ya nyongeza. Lilikuwa ni deni la kazi iliyokwisha kufanywa, kwa mkataba uliokwisha kusainiwa. Kwa siku 49 kumbi za mihadhara zilikuwa tupu huku wanafunzi wakilipa kodi za vyumba na kula akiba zao, na wale wa mwaka wa mwisho waliotarajiwa kuanza kazi nyumbani kwao wakiendelea kutegemea wazazi. Vyuo vya binafsi viliendelea na masomo.

Ndiyo sababu familia nyingine zenye kipato cha kawaida tu, za mwalimu wa shule ya msingi au za mwenye kibanda sokoni, zimekuwa zikijikamua kulipa ada ya chuo cha binafsi ambacho katika kila orodha kiko chini ya Nairobi, Kenyatta na Moi. Hazikudanganywa na tangazo. Zimepiga hesabu ya mwaka mmoja unaopotea, chakula na pango la miezi hiyo, na mshahara wa kwanza unaochelewa, zikaona kwamba kilicho cha bei nafuu kwenye karatasi kinaweza kuwa ghali. Familia ambazo hazina cha kukamua hazina hesabu ya kupiga. Mtoto wao anabaki chuo cha umma na kusubiri.

Mgomo wa mwaka 2025 ulimalizika mwanzoni mwa Novemba kwa makubaliano kwamba deni hilo lilipwe kwa awamu mbili, ya pili ikipangwa kulipwa Julai 2026. Wahadhiri walirudi kazini, na vyuo vikaanza kupanga upya ratiba za mitihani ili kufidia majuma saba yaliyopotea.